Viza ya Mke au Mume Inapokawia: Jua Faili Iko Wapi Kabla ya Kubisha

Mke aliyebaki Kondele au Bungoma huku mumewe akifanya kazi Minnesota huulizwa jambo lilelile na mashemeji, na majirani, hata na mchungaji: viza imefika wapi? Jibu la kawaida ni kwamba ubalozi wa Marekani umenyamaza. Mara nyingi sivyo. Kwa sehemu kubwa ya muda wa kusubiri, hakuna mtu yeyote Gigiri, Nairobi, uliko ubalozi huo, aliyewahi kuiona faili hiyo. Iko Marekani, katika ofisi nyingine kabisa, na kila barua pepe inayotumwa ubalozini hujibiwa kwa maneno ya jumla yasiyomfaa aliyeuliza.

Viza ya mwanandoa hupita foleni tatu zinazofuatana, na kila foleni ina ofisi yake, nambari yake na sababu zake za kukwama. Urefu wa foleni zenyewe hauko mikononi mwetu. Lakini miezi mingi hupotea kwa sababu nyingine: cheti kilichokosewa jina, fomu iliyosainiwa mahali pasipofaa, karatasi iliyoisha muda wakati wenyewe wakidhani mambo ni shwari. Miezi hiyo inaweza kuokolewa, na ndiyo tutakayoizungumzia kwa kirefu.

Foleni ya kwanza: ombi la ndoa

Anayeomba ni yule aliye raia wa Marekani au mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu. Yeye huwasilisha Fomu I-130 kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, na habari za mwenzake aliye Kenya hujazwa kwenye I-130A. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 ada ni dola 625 kwa anayewasilisha mtandaoni na dola 675 kwa anayetuma karatasi. Tunapendekeza mtandaoni, wala si kwa ajili ya zile dola 50 peke yake. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 USCIS imeacha kupokea hundi za karatasi kama ilivyozoeleka, na bahasha yenye malipo yasiyokubalika hurudishwa nzima. Bahasha ikirudishwa, ni kama hukuwahi kuomba: tarehe yako haijaandikwa kokote.

Ombi likipokelewa hutolewa notisi ya I-797C yenye nambari ya risiti, herufi tatu na tarakimu kumi. Wote wawili muwe nayo, si mwombaji peke yake. Kusubiri zaidi ya mwaka mmoja katika hatua hii ni jambo la kawaida. Tovuti ya USCIS ina ukurasa wa kuingiza tarehe ya risiti, nao hukuambia ni lini unaruhusiwa kuuliza kwa nini umechelewa. Kabla ya tarehe hiyo, kuuliza hakusogezi chochote.

Hadhi ya mwombaji hubadilisha kila kitu. Mke au mume wa raia hana ukomo wa idadi ya viza kwa mwaka. Ombi likikubaliwa, faili huendelea mbele. Mke au mume wa mwenye kadi ya kijani yumo katika kundi la F2A, ambalo lina kiwango cha kila mwaka, kwa hiyo hata baada ya kukubaliwa hungoja tarehe yake ifikiwe kwenye taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi. Mwombaji akipata uraia katikati ya kungoja, amwarifu anayeshikilia faili mara moja, kwa nakala ya cheti cha uraia au pasipoti ya Marekani, ili mwenzake atoke kwenye foleni ya F2A.

Ila kuna mtego hapo unaoumiza familia. Chini ya F2A, watoto wanaweza kusafiri kwa ombi la mama yao. Chini ya raia, hawawezi: kila mtoto anahitaji I-130 yake mwenyewe. Baba akila kiapo cha uraia na mke kuhama kundi, watoto waliokuwa wamebebwa na ombi la mama huachwa nje, na wenyewe mara nyingi hugundua siku ya mahojiano. Mtoto wa kambo pia huombewa, mradi ndoa ya wazazi ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Kama unaombewa na raia na una watoto wawili Nakuru, basi maombi ni matatu na ada ni mara tatu. Afadhali kulijua hilo leo.

Cheti cha ndoa ndicho msingi

Picha za sherehe za posa na mahari kama ayie, ruracio au koito ni ushahidi mzuri kwamba familia zinajuana na kukubaliana. Lakini si cheti cha ndoa, na barua ya chifu au kiapo cha wakili havichukui nafasi yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe, na usajili wake ulianza rasmi tarehe 1 Agosti 2017. Sheria hiyo inawapa wenye ndoa miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kimila kumwarifu msajili. Waliooana kanisani au kwa serikali wahakikishe kwamba cheti walicho nacho ni kile cha msajili wa ndoa, chenye nambari, si kile cha kumbukumbu kinachotolewa na kanisa kwa maua na utepe.

Linalochelewesha sana watu wa huku kwetu ni ndoa ya awali. Magharibi mwa Kenya watu wengi waliwahi kukaa na mtu kwa mila, mahari ikatolewa hata kidogo, kisha wakaachana kwa mke kurudi kwao. Hakuna mahakama wala karatasi. Kisha miaka inapita, anaolewa na mtu mwingine, na kwenye fomu anaandika kwamba hajawahi kuolewa. Afisa anaweza kuwa na fomu nyingine mbele yake: ombi la viza ya kutembea la 2014, au bahati nasibu ya viza iliyojazwa kwenye saiba, ambamo aliandikwa kuwa ameolewa na mtu mwingine. Maombi hayo ya zamani hayapotei. Kama ndoa ya kwanza ilikuwa ndoa, ivunjwe mahakamani, na kinachotakiwa ni amri ya mwisho ya talaka, si ile ya muda inayotangulia. Ndoa ya pili iliyofungwa kabla ya amri hiyo ya mwisho ina kasoro ambayo hakuna maelezo yatakayoitengeneza. Itabidi ndoa ifungwe upya na ombi lianze upya. Na kwa familia zenye mke zaidi ya mmoja, sheria ya uhamiaji ya Marekani haimkubali mke wa pili kama mke, hata kama mila na sheria ya Kenya zinamtambua.

Ushahidi wa ndoa, na makosa madogo yanayougharimu

USCIS isiporidhika hutuma barua ya kudai ushahidi zaidi, na kwa kawaida huwapa muda usiozidi siku 84 kujibu. Unajibu mara moja tu, kwa bahasha moja. Ukituma nusu leo ukiahidi nusu kesho, wataamua kwa ile ya leo. Basi ni afadhali ushahidi uwe mwingi tangu mwanzo.

Taarifa za M-Pesa zina uzito, kwa sababu zinaonyesha pesa zikiingia mwezi baada ya mwezi zikienda kwenye karo, kodi ya nyumba na dawa za mama mkwe. Lakini taarifa hiyo hufika kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa kwa nywila. Ukiipakia hivyo hivyo, afisa hawezi kuifungua. Ifungue, uihifadhi upya bila nywila, ndipo uipakie. Risiti za kampuni za kutuma pesa ziwe na majina yenu wawili; pesa zilizopitia kwa shemeji kwa sababu laini yako ilikuwa na tatizo hazikuonyeshi wewe popote, kwa hiyo ambatanisha maelezo mafupi ya shemeji huyo.

Mazungumzo ya WhatsApp ni mengine. Watu hupiga picha za skrini mamia kwa mamia, nyingi kwa Kijaluo, Kiluhya, Kiswahili na Sheng kwa pamoja, kisha wanazituma hivyo. Kila hati isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili, na mtafsiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Haihitajiki ofisi kubwa ya tafsiri. Mtu yeyote anayezijua lugha hizo vizuri anaweza, ingawa tunashauri asiwe mmoja wa wanandoa. Chagua kurasa chache kwa kila miezi miwili au mitatu, zenye tarehe zinazosomeka, zinazohusu mambo ya nyumbani: mtoto kuugua, bati za nyumba, mazishi ya mjomba. Maneno ya mapenzi ni matamu kwenu lakini hayathibitishi kwamba mnaendesha nyumba pamoja.

Safari za kuja Kenya zithibitishwe kwa mihuri ya pasipoti na tiketi. Picha ziandikwe mahali, mwezi na walio ndani yake.

Majina

Hapa tungetaka msomaji atulie. Mtu mmoja anaweza kuwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la ubatizo na jina lake la Kijaluo, kitambulisho chenye majina matatu, cheti cha shule chenye tahajia nyingine, na pasipoti inayofuata kitambulisho. Huku kwetu kila mtu anajua ni yule yule. Anayesoma faili huko Marekani hajui.

Jina kwenye I-130, kwenye DS-260 (fomu ya viza yenyewe, inayojazwa katika foleni ya pili) na kwenye pasipoti liwe moja, kwa mpangilio mmoja, na majina mengine yote uliyowahi kuyatumia yaandikwe pale fomu inapouliza majina mengine. Kama tofauti ni herufi moja, kiapo kinaweza kutosha kuambatana na hati. Kama ni jina zima, rekebisha cheti cha kuzaliwa katika ofisi ya usajili wa kiraia au fanya hati ya kubadili jina kupitia wakili, na uanze sasa, foleni ya kwanza ikiwa bado inasonga. Vivyo hivyo kwa wale ambao kuzaliwa kwao kulisajiliwa kwa kuchelewa, yaani zaidi ya miezi sita baada ya kuzaliwa: cheti kilichotolewa ukiwa na miaka 30 huamsha maswali, kwa hiyo tafuta kadi ya ubatizo, kadi ya kliniki au rekodi za shule ya msingi za kukitegemeza.

Foleni ya pili: kituo cha viza

Ombi likikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Kitaifa cha Viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Hapo hupewa nambari mpya. Kesi za Nairobi huanza na NRB. Nambari ya risiti ya zamani sasa haina kazi ya kila siku. NVC huchapisha kwenye tovuti yake tarehe ya kesi inazofungua na tarehe ya hati inazokagua wakati huo. Linganisha tarehe hizo na zako kabla ya kuandika kuuliza.

Kwanza hulipwa ada mbili: dola 325 za viza na dola 120 za hati ya udhamini. Malipo ya mtandaoni hutoka kwenye akaunti ya benki ya Marekani, na huchukua siku kadhaa kuonekana. Kadi ya benki ya Kenya na M-Pesa hazifanyi kazi hapo. Baada ya hapo ndipo DS-260 hufunguka. Fomu hiyo inauliza anwani zote ulizoishi tangu miaka 16, kazi za miaka 10, na majina ya akaunti za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita, sharti lililoanza 2019. Anwani za vyumba vya kupanga Nyalenda, Langas au Free Area zinasahaulika kirahisi. Ziandike kwenye daftari mapema.

Hati ya udhamini, I-864, ndiyo inayorudisha watu nyuma mara nyingi kuliko zote. Mdhamini lazima awe na kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani kwa idadi ya watu wa nyumba yake; kwa viwango vya 2025 nyumba ya watu wawili ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka. Kosa la kwanza ni kuhesabu vibaya. Nyumba inajumuisha mdhamini, mwenzake anayeombewa, watoto wa mdhamini wasiofika miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, wanaomtegemea kwenye kodi, na yeyote aliyemdhamini zamani ambaye bado yuko chini ya udhamini huo. Kosa la pili ni kodi: mwombaji hajawasilisha marejesho ya kodi ya mwaka uliopita, au amewasilisha akiandika hajaoa. Hilo la pili ni baya, kwa sababu karatasi yake mwenyewe inakanusha ndoa anayoiombea. Arekebishe marejesho hayo kabla ya kuyapakia, kisha achukue nakala ya rekodi ya kodi kutoka IRS, idara ya kodi ya Marekani; nakala hiyo ni bure. Kipato kikipungua, anatafutwa mdhamini wa pamoja, ambaye lazima awe raia au mkaazi wa kudumu anayeishi Marekani. Binamu tajiri wa Kisumu hafai.

Kuna wale walio raia wa Marekani lakini wamerudi kuishi Kakamega au Nakuru na wenza wao. Hao wathibitishe kwamba makazi yao ya kudumu ni Marekani au kwamba wanarudi huko kwa dhati: nyumba iliyotafutwa, kazi iliyoombwa, shule ya watoto iliyoulizwa, akaunti za benki zilizo hai. Bila hilo, hati ya udhamini haisimami hata kama pesa zipo.

Kwa upande wa Kenya, cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, na alama za vidole huchukuliwa kwenye Huduma Centre za Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri hadi Nairobi kwa hilo. Ni cha kila mwombaji wa miaka 16 na zaidi, na kwa mahitaji ya viza hudumu miaka miwili ukiwa bado unaishi nchini. Usikichukue mwanzoni kabisa, ombi likiwa bado USCIS; kitakufa kabla hujakitumia. Na aliyefanya kazi Ghuba, au aliyesoma Kampala, kwa miezi 12 au zaidi, anahitaji cheti cha nchi hiyo pia. Cha Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol mjini Kampala. Kwa nchi za Ghuba, tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ukurasa wa kila nchi unaoeleza kama cheti kinapatikana kwa aliyekwisha ondoka na kwa njia gani. Jambo hili hugunduliwa likiwa limechelewa kuliko hati nyingine yoyote, kwa sababu dada aliyerudi kutoka Saudia miaka sita iliyopita haioni tena safari ile kuwa sehemu ya maisha yake ya sasa.

Kila hati inaporudishwa na NVC, unarudi kwenye foleni ya ukaguzi. Ndiyo maana kupakia kimoja kimoja ni kujichelewesha. Pakia vyote pamoja, vimepigwa skani kwa rangi, pande zote mbili, kingo zote zikionekana. Wakikubali vyote, hukuandikia kwamba kesi imekamilika, na tarehe ya barua hiyo ndiyo inayoamua zamu yako ya mahojiano. Jambo jingine la kuogopwa: ukikaa mwaka mzima bila kuwasiliana na NVC, kesi yaweza kufutwa. Waliotumia barua pepe ya wakala au ya kijana wa saiba kufungua kesi hupoteza notisi hizo zote. Akaunti iwe yenu. Wakala anayekataa kukupa nambari ya kesi yako ameshika kitu ambacho si chake, na hakuna wakala mwenye mtu wa ndani anayesogeza faili.

Foleni ya tatu: afya na Gigiri

Mahojiano yakipangwa, hufuata uchunguzi wa afya jijini Nairobi katika kituo cha IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Acha nafasi ya kutosha kati ya uchunguzi na mahojiano, kwa sababu ya kifua kikuu. Kila mtu wa miaka 15 na zaidi hupigwa eksirei ya kifua. Ikionyesha kovu au kivuli, hutolewa makohozi mara tatu kwa siku tofauti, na kuotesha vijidudu maabara huchukua hadi wiki nane. Aliyewahi kutibiwa TB aende na rekodi zake za matibabu na eksirei za zamani kama zipo. Haziondoi kipimo lakini zinamsaidia daktari kuelewa kovu. Mjamzito anaweza kupigwa eksirei akiwa amekingwa tumbo kwa ridhaa yake, au kuahirisha hadi ajifungue, na uamuzi huo ni wake.

Na kwa kuwa watu wa eneo la ziwa huuliza hili kwa kunong'ona: virusi vya UKIMWI si kizuizi cha viza ya uhamiaji ya Marekani tangu tarehe 4 Januari 2010. Endelea na dawa zako, na usiache kuzimeza siku moja kwa hofu ya kuonekana nazo. Beba za kutosha na barua ya kliniki.

Matokeo ya uchunguzi wa afya kwa kawaida huwa halali kwa miezi sita, na viza haiwezi kuishi zaidi ya matokeo hayo. Picha za viza ni milimita 51 kwa 51, bila miwani. Studio nyingi mitaani hupiga za ukubwa wa pasipoti ya kawaida, basi taja vipimo. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele ya siku ya kusafiri. Anayetoka Kisumu ana kilomita kama 350 mbele yake na wa Nakuru kama 160, na barabara ya Gilgil na Naivasha ikifungana hakuna afisa atakayekungoja. Lala Nairobi. Simu haziingii ubalozini, kwa hiyo uwe na wa kukushikia. Beba hati asili na nakala zake, pamoja na I-864 yenye kodi ya mwaka wa karibuni kama Aprili imepita tangu mlipopakia.

Karatasi ya 221(g)

Wengi hutoka Gigiri na karatasi ya 221(g) badala ya viza. Mtandaoni hali ya kesi husomeka kuwa imekataliwa, na simu hulia usiku huo kwa kilio. Kisheria ni kukataliwa kweli, lakini kwa namna inayoweza kuondolewa. Isome karatasi yenyewe. Ikidai hati, ileteni kwa njia iliyoelekezwa, kwa ukamilifu, ndani ya mwaka mmoja. Isipodai kitu, basi kesi iko kwenye uchunguzi wa kiutawala, ambao hauna muda maalumu.

Hapo ndipo mbunge wa Marekani wa eneo analoishi mwombaji anapofaa. Ofisi yake hudai fomu ya ruhusa ya kutoa habari, kisha huuliza ubalozi. Haimrukishi mtu foleni, ila hufichua faili iliyosahaulika au hati iliyofika isionekane. Kesi ya mahakama ya shirikisho ya kuilazimisha serikali iamue ni hatua ya mwisho: ada ya kufungua ni dola 405 kabla ya wakili, na serikali ina siku 60 za kujibu. Mahakama inaweza kudai uamuzi, lakini haiwezi kudai uamuzi uwe ndiyo. Juni 2024, katika kesi ya Muñoz, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya mwenzake kuruhusiwa kuingia nchini. Kwa hiyo aliyenyimwa kwa sababu ya kusema uongo kwenye fomu au kukaa Marekani kinyume cha viza zamani asikimbilie mahakama. Aulize wakili wa uhamiaji kama kuna msamaha wa I-601 unaomfaa.

Katikati ya yote haya maisha yanaendelea, na tuna msimamo mmoja hapa tusioubadili: usiuze shamba, usiache kazi, usimtoe mtoto shule, usikate tiketi, mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti. Hata barua ya mahojiano haitoshi. Kwa wanandoa wenyewe, tofauti ya saa kati ya Kenya na pwani ya mashariki ya Marekani ni saba au nane kulingana na majira. Wanaoweka saa moja isiyobadilika ya kuzungumza kila siku hukosana kidogo kuliko wanaopigiana ovyo. Wekeni pia siku moja kwa mwezi ya kuzungumzia faili, na siku nyingine muiache. Familia iambiwe ukweli, kwa mfano kwamba kesi iko NVC na hati zinakaguliwa, ili mama mkwe asianze kuamini kwamba mwanawe ameoa huko.

Viza ikitoka, lipa dola 235 za kadi ya kijani mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Kisha tazama tarehe ya ndoa. Anayeingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili huingia kama CR1, hupata kadi ya miaka miwili, na lazima wawasilishe I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Aliyetimiza miaka miwili siku ya kuingia ni IR1, na kadi yake ni ya miaka 10. Kwa kuwa kungoja kumekuwa kurefu, wengi huvuka mstari huo wakiwa na viza iliyochapishwa CR1. Kama zimebaki wiki chache tu na viza bado ina muda, ngoja zipite ndipo usafiri. Ukifika uwanjani mwonyeshe afisa cheti cha ndoa, umwombe aandike IR1, na utazame muhuri kabla ya kuondoka kwenye dirisha lake.